Panya wa Kumi na Saba

Panya wa kumi na saba leo amevuka ubao
bila kuteleza. Mguu wake wa kushoto,
uliokuwa ukiburutwa kama kamba ya mbuzi aliyetoroka,
umekanyaga.
Nimeandika: siku ya ishirini na moja, manjano, saa nne asubuhi.
Nimenawa mikono mara mbili.
Rangi ya kucha haikutoka.

Nyumbani Kibosho baba amekalia upande mmoja wa kiti,
upande wa pili kimekaa kiharusi.
Kijiko kinafika mdomoni kama mgeni asiyeujua mlango.
Mama Elinaike kaleta chupa ya soda, gome lililochemshwa,
jeusi, povu shingoni.
"Huu ni mti tu, mwanangu. Mti una madhara gani?"
Nikamjibu kwa adabu: sumu ya mshale nayo hutoka mtini.
Na baba anameza vidonge vya kulainisha damu;
damu ikilainishwa mara mbili haijui pa kusimama.
Akanitazama vidole.
"Na hiyo njano?"

Ningemwambia nini?
Kwamba tumeichuja, tumeipima, tumeipa jina refu
linaloushinda hata ulimi mzima?
Kwamba panya hana deni la mbolea,
hana mdogo wake aliyesogeza mpaka,
na neno hakulipoteza, kwa kuwa hakuwa nalo?

Jumapili Kokuhumbya, yule wa mazoezi ya viungo,
alimshusha baba hadi migombani. Hatua tisa.
Nilizihesabu kama niko kazini.
Ya tisa akagoma, mbele ya masale ya mpakani,
kati yetu na kwa baba mdogo Aminiel,
hawasemeshani tangu mwaka wa maporomoko.
Mdomo ukahangaika. Mate yakatangulia.
"Sa."
Mama akaacha kumenya ndizi.
"Sa... sale."

Mkono mzima ukachuma jani,
ukajaribu kulipiga fundo, fundo la kuombea radhi.
Lakini fundo linataka mikono miwili.
Nikamwazima mmoja wangu,
wenye kucha za njano.

Usiku nilifungua daftari.
Kipimo: sijui. Mmea: sale, haukunywewa.
Nikaikata mistari yote miwili.

Jani liko mezani, fundo limeanza kulegea.
Aminiel hapokei simu.
Kesho, panya wa kumi na nane.