Fadhila za Deni

Ukutani mwa banda langu, Langoni,
pameandikwa kwa mkaa, mwandiko wa mwanangu Shekuwe:
nambari ya Daktari Kadzo wa Mokowe,
na chini yake ya mumewe, maana simu ya daktari huzima.
Arubaini na nne: hayo ni mapigo ya Deni akiwa mzima,
tuliyahesabu chini ya taya, kabla ya shogi na mchanga.
Ufizi: kama ndani ya pera.
Wageni hudhani ni hesabu za saruji.

Nilimwita Deni kwa kuwa nilimnunua kwa mkopo.
Mkopo ulikwisha, jina halikukwisha.

Kabla yake alikuwapo Zabibu.
Zabibu sikumwandikia kitu.
Siku aliyokataa pumba nikasema kachoka,
punda ni punda, kesho atakula.
Usiku nikamnywesha soda na majivu, dawa ya barazani,
kichwa juu, chupa mdomoni, akapaliwa.
Simu haina salio. Tochi haina betri.
Alfajiri tulimburuta watu sita kwa kamba
na uchochoro ukatudai kila kona.
Tumboni mwake, alisema aliyempasua,
mlikuwa na mifuko ya nailoni imesokotana kama ukambaa.

Farasi, nasikia, hujitupa chini akagaragara,
mtaa mzima ukajua.
Punda hasemi. Husimama tu,
mbali kidogo na mwenzake, masikio yamelegea,
na wewe ukadhani ni adabu.

Juzi baada ya Isha, Deni alisimama hivyo.
Nikaweka sikio ubavuni, pale panapounguruma siku zote:
kimya. Kimya cha kisima kilichofukiwa.
Sikungoja kesho.
Sitini na nane, nikamwambia daktari,
ufizi umepauka, hajatoa mavi tangu adhuhuri.
Akasema: ondoa chakula, maji mwachie,
usimtie kitu kinywani, hata aje nani na chupa yake.
Na usimtenge na mwenzake;
punda mpweke huugua mara mbili.
Basi Kibiriti naye akakesha,
akitafuna hewa, shingo yake juu ya mgongo wa Deni.

Boti ya usiku ililipwa na mkebe wa maziwa:
kila safari ya mchanga, shilingi kumi ndani.
Mume wangu aliuita mkebe huo wazimu.
Mlango wa banda pia aliuita wazimu,
nilipoupanua mwaka jana kwa shoka na ugomvi.
Usiku ule ni yeye aliyeushikilia wazi,
daktari akapita na ndoo na mpira wake mrefu
bila kupinda bega.

Uzito? Nilimpima kwa utepe wa cherehani, nikamtajia.
Jana alikula nini? Nikamtajia.
Maji ya uvuguvugu? Chupa nne za chai, hizo hapo.
Shekuwe alishika tochi kwa mikono miwili.
Mpira ukapita puani, mafuta yakashuka,
na jicho la Deni likanitazama
kama mtu anayekumbuka ni nani anayemdai.

Kisha tukangoja.
Kungoja sikukuandalia kitu.
Saa nane. Saa tisa. Mbu.
Daktari alilala ameketi, kiganja ubavuni mwa punda,
na kila nilipojikohoza alisema, "Bado."

Karibu na adhana Deni akainua mkia
akaachia kitu kirefu, kikali,
kama turubai linalopasuliwa na mafundi wawili.
Daktari, mtu mzima mwenye shahada, akapiga makofi.
Mume wangu akasema alhamdulillahi, akalia.
Bi Rukiya akafungua dirisha la juu:
"Kuna nini huko, mmeoza?"

Fadhila za punda ni mashuzi,
walisema wahenga, wakilalamika.
Sijui kama hao wahenga
walipata kukesha bandani.