Kugusana Si Kupandana

Telavi, ofisi ya ardhi, Jumatatu ya mavuno.
Tsiala kaja na ramani ya marehemu mumewe,
imekunjwa mara nane, yanuka moshi na siki.
Jumber, shemejiye, kakataa kiti.
Kasimama dirishani, kofia mkononi,
ahesabu malori ya zabibu.

Ugomvi ni mjozi mmoja. Miaka kumi na mmoja.

Mimi habari za mjozi sizijui. Najua nukta.
Nachapa pembe za shamba, moja baada ya moja,
na nikifika mwisho nairudia ya kwanza,
maana umbo lisilofunga mlango
hifadhidata hailiiti shamba. Huliita uzi.

Kisha nauliza: haya mawili, yanakutana?
Si kweli.

Jumber akacheka kwa pua.
Nikatazama upya: nimetanguliza latitudo!
Nimemhamisha mjane na mizabibu yake
hadi ng'ambo ya milima ya Kaukazi,
kwenye nyika ya watu wasiomjua.
Nikaomba radhi, nikageuza tarakimu, nikauliza tena.

Kweli.

Neno hilo halina macho.
Kweli ya majirani wanaosalimiana uani
ndiyo kweli ya mgeni aliyelala kitandani mwako.
Nikanoa hoja:
yanagusana tu, ukingo kwa ukingo?
Si kweli.
Yanapandana?
Kweli.

Basi nionyeshe, nikaiambia mashine,
kile ambacho ni cha huyu na ni cha yule.

Ikakileta: kirefu, chembamba kama utambi,
mita sitini kwa sentimita kumi na nne.
Hapalali mbwa hapo. Hapapiti toroli.
Na shina la mjozi, nililipima Mei, kamba mikononi,
lina unene mara nne wa ugomvi wenyewe:
mguu kwa Tsiala, mguu kwa Jumber,
na katikati, ukanda huu wa kalamu mbili
za wapimaji wawili
waliopita miaka tofauti,
kila mmoja na jua lake, kila mmoja na haraka yake.

Sikusema lolote. Kazi yangu ni kuuliza.

Jumber akaacha dirisha, akasogea,
akaweka kidole kwenye kioo.
Kidole kikakifunika kile kipande, chote.

"Ondoa kidole," akasema Tsiala,
naye hajamsemesha tangu matanga,
"na mimi nione."