Kanuni ya Kusukuma

Uwanja ni sakafu ya saruji kwa kina Cirhuza, Kadutu.
Miraba tumeichora kwa chaki,
mashujaa ni vizibo vya soda,
jitu ni kopo la nyanya.
Umeme umekatika. Kete tunazisoma kwa tochi ya simu.

Kumsukuma mtu, anasema Mugisho, mwendesha mchezo,
ni mikono yako dhidi ya miguu yake.
Ukimshinda, mraba mmoja nyuma.
Ukimshinda kwa tano, miwili.
Mwenye miguu minne, mpe alama nne zaidi.
Aliyelala chini hasukumwi, huburutwa,
na anayeburuta huenda naye.
Kwenye mteremko, ongeza mraba.

"Mteremko upi?" anauliza Nabintu.
"Wa daftari au huu wetu?"
Tunacheka, maana kwao choo kilishuka mwezi wa nne
kikaenda kusimama uani kwa jirani,
mlango bado umefungwa kwa komeo.
Hakuna aliyerusha kete.

Zamu ya jitu. Kumi na nane.
Kizibo cha Nabintu kinarudi, kinarudi,
hadi ukingoni, pale ngazi ya uani inapoanzia.
"Umeanguka," nasema, chaki mkononi.
"Bado. Niulizeni kwanza kama nimeshika kitu."

Mugisho anapekua daftari. Haimo.
Anaramba ncha ya penseli, anaandika:
anayesukumwa naye arushe.

Nabintu anatikisa kete muda mrefu, anaiachia,
inabingirika chini ya kabati.
Wote wanne tumelala kifudifudi tukipapasa vumbi,
simu imebaki na asilimia tatu,
na kizibo kiko palepale ukingoni,
kimeshika.