Pengo la Wino Mwekundu

Wino mwekundu uliisha Jumatano,
katikati ya mstari, ngozi ya mbuzi ingali na unyevu.
Abba Zerihun alikitikisa kikombe cha pembe,
akakichungulia kama mtu achunguliaye kisima kikavu.

"Andika kwa mweusi," nikamwambia. "Mungu anasoma rangi zote."
Akacheka kidogo, akakohoa sana.
"Mungu anasoma, Hadgu. Mimi ndiye nitakayesahau
ninaandika jina la nani."

Basi akaacha pengo, upana wa vidole viwili,
akaendelea na mweusi:
alitembea, akachoka, akaketi kisimani,
akaomba maji kwa mwanamke asiyemjua.
Kila alipotajwa, pengo.
Nilihesabu matundu arobaini na moja
katika kitabu kile, kama shuka la maskini.

Jina hilo, alinifundisha, si lakabu.
Ndani yake mna kitenzi: Bwana anaokoa.
Na kitenzi, mwanangu, hakifungiwi kabatini.

Alikufa muuza rangi hajapanda kutoka Adwa.

Siku ya maziko nilisoma mimi, sauti ikinikwama.
Nikafika kwenye pengo la kwanza
nikanyamaza, nisijue nifanye nini na ule weupe,
na kutoka nyuma, karibu na mlango wa mwamba,
mama mmoja muuza vitunguu,
asiyejua hata herufi moja,
akalijaza.

Kisha wote.

Wino niliupata baadaye. Uko hapa, chupa nzima.
Sijaufungua.