Tundika Kibao

Dona Deolinda ameniita mara ya tatu wiki hii.
Mimi ni fundi wa lifti, si wa kompyuta,
lakini katika jengo letu hapa Bragança
mwenye bisibisi huhesabiwa tabibu wa kila kitu.

"Imekufa tena," anasema. Salamu hakuna.
Jikoni mnanuka kahawa na kuni mbichi,
nje jalidi imeganda kwenye kioo cha gari la kasisi.
Ananionyesha: anafungua kivinjari,
anaandika nywila kwa kidole kimoja,
akibonyeza kila herufi
kama anayebandika stempu.
Sanduku la barua linajitokeza. Anabofya moja, yoyote.
Duara linazunguka,
linazunguka,
kisha dirisha zima latoweka
na kubaki picha ya korongo juu ya mnara.

Miaka thelathini na mmoja alikaa kaunta ya posta.
"Sijapata kuona," asema,
"barua inayomfukuza aliyeifungua."

Jumatatu nilizima nikawasha.
Jumatano nilifuta vidakuzi, nikafuta kache,
akaniuliza kama inauma.
Leo nimesasisha kivinjari chenyewe:
dakika kumi na nne, yeye akimenya viazi.
Kikafa vilevile.

Sasa, lifti inayokwama kila siku
kati ya ghorofa ya pili na ya tatu
haikwami kwa nuksi.
Humlaumu abiria, hulaumu jengo.
Unauliza: ni lini haikwami?

Nikafungua dirisha la faragha,
lile lisilokumbuka kitu wala mtu,
nikabofya tangazo la viatu.
Likafunguka. Likatulia. Viatu vya kahawia, nusu bei.
Basi barua ni nzima na kivinjari ni kizima;
kikulacho kimo nguoni.

Nikaenda kuvipekua viendelezi
kule pembeni juu, ambako hakuna atazamaye.
Vitatu. Cha kwanza huzuia matangazo,
nikakizima, tukajaribu, ikafa.
Cha pili hutaja hali ya hewa. Ikafa.
Cha tatu kilikuwa mdomo mdogo wa buluu.

"Huyo ni wa Abílio."

Macho yalipomtupa mkono, Abílio aliketi hapa,
kwenye kiti hiki nilichokalia,
akisomewa magazeti na barua
kwa sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi.
Alimwita Bibi Bati. Walibishana kuhusu soka.
Miaka miwili sasa hakuna aliyemsasisha.
Kila barua ikifunguliwa Bibi Bati anaamka,
anaitafuta sauti yake, haioni,
anaanguka, na nyumba yote juu yake.

"Nikifute?"
Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kipanya.
Maji ya viazi yakafura, yakamwagikia moto.
Hakuinuka.
"Lifti ikiharibika," akauliza, "huwa mnaing'oa?"
"Hapana. Tunakata umeme, tunatundika kibao."
"Basi tundika kibao."

Nikakizima tu. Mdomo ukageuka kijivu,
ukabaki mahali pake.

Barua mia mbili na kumi na mbili zilikuwa zinangoja.
Ya juu kabisa ilitoka kwa mjukuu wake, Lyon,
ina picha ya mtoto mchanga; niliiona, na yeye aliiona.
Hakuigusa. Akashuka, akashuka,
hadi ile kongwe kuliko zote,
maana posta barua hutolewa kwa zamu ya kufika.

Ilikuwa ya kampuni ya maji:
namba ya mita, kiasi, tarehe ya mwisho iliyokwisha pita,
tunakushukuru kwa ushirikiano wako.
Akaisoma yote, kwa sauti,
akivuta pumzi kila alipofika kwenye mkato.