Ajenda ya Tatu: Mahali pa Kituo

Niliandika: kikao kilifunguliwa saa nne na robo.
Sikuandika kwamba saa nne na robo
maziwa ya alfajiri yameshaanza kugeuka.

Mtaalamu alikuja na jedwali kutoka mjini:
viwanja vitatu, safu tano, alama moja hadi kumi.
Umbali toka lami. Maji. Umeme. Hati.
Safu ya tano ilikuwa na neno moja, Mengineyo,
na humo ndimo tulimoshinda mpaka adhuhuri.

Pongwe, kando ya lami:
lori la maziwa litageuza bila kurudi nyuma.
Ghala la zamani la katani:
paa zima, kuta nene, popo wengi.
Bwana Singano akasema popo hawana hati.
Tukacheka. Nikaandika: wajumbe walijadili kwa kina.
Cha tatu ni kiwanja cha shemeji yake Singano.
Kila mtu alilijua hilo,
na kila mtu akaangalia dirishani.

"Mchagua nazi hupata koroma," alisema Bi Mwantumu,
ambaye mjukuu wake alikuwa na homa nyumbani.
"Na asiyechagua hupata kifuu," Kaniki akamjibu,
na tukaanza upya, safu ya kwanza.

Pongwe thelathini na tisa.
Ghala thelathini na moja.
Kwa shemeji, thelathini na nane na nusu.
Ile nusu ilitoka wapi sikuuliza.
Niliiandika kwa wino ule ule.

Kesho yake nilitembea na wachukuzi wa maziwa,
nipate kilomita za kujazia fomu.
Hiba Semhando ana ndoo ya lita kumi na tano
na hatua fupi za mtu anayebeba kitu kisichotaka kutikiswa.
Kilima kinapoisha, penye kalvati, akatua.
Akakunja vidole, akavikunjua,
akaiinua ndoo kwa mkono wa pili.
Nyuma yake Nyota akatua papo hapo.
Na mama wa tatu, nisiyemjua jina.
Saruji ya kalvati ilikuwa na duara,
duara juu ya duara, za vitako vya ndoo,
za miaka, zimeng'aa kama sakafu ya msikiti.

"Hapa nani alipachagua?" niliuliza.
Hiba akanitazama kama niliyeuliza nani alichagua goti.
"Hapa mkono huanza kuuma tu."

Lugha yetu ina mahali pa namna tatu:
hapa pa kuonyesha kidole,
huku kwa kupungia mkono,
humu mwa kuingia na kujificha.
Jedwali lilikuwa na moja.

Nililipeleka jambo hili kikaoni, chini ya Mengineyo.
Mtaalamu alisikiliza, kwa adabu kabisa,
kisha akasema kalvati ni hifadhi ya barabara,
hapajengwi hata kibanda cha vocha.
Ilikuwa kweli. Singano akashusha pumzi.
Tukapitisha Pongwe.
Niliandika: kwa kauli moja,
maana Bi Mwantumu alikuwa ameshaondoka.

Sasa tenki lipo, linang'aa, lina kufuli.
Akina Hiba wanatua penye kalvati kama zamani,
halafu wanaendelea, kilomita moja na nusu,
mkono wa pili.

Wajumbe wapya huniuliza siku hizi
kwa nini mimi, karani wa ng'ombe za watu,
nimepanga Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
mbali na ofisi, mbali na ndugu.
Huwajibu: kodi nafuu, maji hayakatiki.
Maji hukatika kila Alhamisi.

Siku ile nilishuka na begi lililokatika mpini,
nimelifunga kamba ya katani, inanikata vidole.
Nikalitua mlangoni pa watu, nibadilishe mkono.
Mama mmoja akatoka na ungo wa mchele.
"Umekuja kuangalia chumba?"

Nikasema ndiyo.