Mpangaji Mpole

Kilionekana kwa bahati, wakimpiga picha ya mbavu
siku alipoteleza na kreti la zabibu, Agosti, Mpunguzi.
Kivuli cha mviringo, kulia kwa moyo,
ukubwa wa yai la kanga.
Daktari akacheka kidogo, ndipo nami nikapumua.
"Kifuko cha maji tu, mama. Huenda alizaliwa nacho.
Si uvimbe mbaya. Kinakaa hapo kama mpangaji mpole;
wengi huzeeka nacho, huzikwa nacho, bila kujua."
Akaandika: arudi baada ya mwaka.

Malogo akajitapa kilabuni:
"Nyie mnapanga madumu tangu alfajiri,
mwenzenu nina kisima kifuani!"
Wakacheka. Nilicheka pia,
ndoo kichwani, ya tatu tangu asubuhi,
maji ya chumvi, sabuni haitoi povu.

Mwaka ukapita, na mwingine. Nauli ikawa ada ya shule.
Mpangaji asiyedai wala kudaiwa, nani atamkumbuka?

Halafu Novemba, uwele haujapandwa, mbingu nyeupe,
akainama kufunga mzabibu kwenye waya
na hakuinuka.
Midomo rangi ya majivu,
mishipa ya shingo imetuna kama kamba ya kisima.
"Nyemo," akasema, "kuna mtu amenikalia."

"Ni nadra," alisema daktari mwingine, binti, jasho puani,
"nadra sana. Kimepasuka,
maji yameuzunguka moyo,
unapiga lakini hauna pa kujikunjulia."
Nadra.
Neno hilo sisi tunalijua kwa mvua.
Si kwamba haiji.
Huja siku ambayo hukukinga pipa.

Sindano ndefu, chini ya kifua, skrini ikiwaka.
Nilisimama mlangoni; hawakuwa na muda wa kunifukuza.
Bomba la kwanza likajaa. La pili.
Malogo akavuta pumzi
ya mtu aliyetua gunia.

Nilitarajia damu, usaha, kitu cha kuchukia.
Yalikuwa maji.
Maangavu, safi kuliko yote niliyowahi kuteka;
nesi aliyainua dirishani, nikaona jua limo ndani.
Miaka arobaini na sita ameyabeba
bila dumu, bila foleni, bila kumwaga tone.

Chupa moja ikaenda maabara.
Nyingine nesi akaiinamisha juu ya sinki.
Mungu anisamehe,
nilinyoosha mkono.